Tundu Lililobaki kwenye Kompyuta ya Shangazi

Jumatatu, 4 Agosti

Leo nimejitolea. Nilinyoosha mkono kabla sijajua najitolea kufanya nini, lakini hivyo ndivyo viongozi wanavyoanza.

Mambo yenyewe ni haya. Shangazi amenunua mashine mpya ya kutarizi. Ile ya zamani ilikufa katikati ya nembo, sindano ikiwa juu. Mpya imewekwa chumba cha nyuma, inang'aa, na haifanyi lolote. Haielewi michoro inayotoka kwenye kompyuta yetu. Programu ya kuchorea nembo ni ya zamani, na Linux iliyomo, ule mfumo unaoiendesha kompyuta, haijasasishwa tangu siku ilipowekwa. Kompyuta inaongea kama babu, mashine inaongea kama kijana. Hazisikilizani.

Dawa ni kusasisha. Kwa watu wengine hiyo ni kazi ya kubofya mara moja na kwenda kunywa chai. Kwetu hapana. Kompyuta ya Shangazi haina intaneti na haitakuwa nayo. Zamani iliwahi kuunganishwa, na wiki hiyohiyo fundi wa ng'ambo ya barabara akatoa sweta zenye nembo yetu, mpaka mkia wa ndege. Mimi nadhani alinunua sweta moja akaiga. Shangazi anasema ilipitia kwenye waya. Akang'oa kile kikadi cha kunasa mtandao, akakitia kwenye mkoba wake pamoja na vidonge vya presha. Kisha akachukua gundi ya moto, ile tunayobandikia mapambo, akaziba tundu la waya mpaka likafura kama jipu.

Shemeji yangu, mume wa dada, alicheka. Dukani tunamwita Cheti, kwa kuwa anacho cheti cha kompyuta na hawezi kumaliza maongezi bila kukitaja. Alisema gundi ikwanguliwe, waya uchomekwe, na hadithi iishe. Alisema hakuna mtu duniani anayesasisha kompyuta bila intaneti. Hapo ndipo mkono wangu ulipopanda wenyewe. Nikasema mimi naweza.

Shangazi alitutazama wote wawili juu ya miwani. Akasema atakayeifanya mashine ishone kabla ya Jumamosi kwisha ndiye atakayeshika chumba cha nyuma, ufunguo wake na kile kiti chenye magurudumu. Asipopatikana mtu, nembo mia tatu za shule zitashonwa kwa mkono.

Kwa mkono maana yake ni mkono wa Mama. Mama yangu ndiye fundi wa sindano hapa tangu baba yangu, kaka yake Shangazi, alipofariki. Siku hizi vidole vyake vimevimba kwenye viungo. Nyumbani mimi ndiye ninayemfungulia vifuniko vya chupa. Leo aliangalia sweta zilizorundikwa mezani, akawa anavifikicha vidole. Niliumia sana kumwona vile.

Pia nakitaka kile kiti. Sitaki kudanganya kwenye shajara yangu mwenyewe.

Jumanne, 5 Agosti

Nina siri. Niliwahi kusoma mahali kwamba vifurushi vya programu vinaweza kupakuliwa kwenye kompyuta yenye intaneti, vikabebwa kwenye flashi, vikasakinishwa kwenye isiyo nayo. Sikusoma mpaka mwisho. Mtu mwepesi wa kuelewa hahitaji.

Asubuhi nikaenda kafe ya intaneti, pale juu ya duka la viatu. Inaendeshwa na dada mmoja mpole anayekunywa chai ya rangi kutwa nzima. Nikapakua ile programu ya kutarizi, toleo jipya. Nikaitia flashi kwenye soksi, maana Cheti ana macho ya mwewe.

Shangazi anaruhusu flashi. Anasema ni kitu kinachoonekana kikiingia na kikitoka. Hata hivyo aliipindua, akaigonga mezani kuona kama kuna kitu kitadondoka. Hakikudondoka. Nikapita.

Kompyuta ikakataa. Ikasema kifurushi hiki kinamtegemea mwenzake, na mwenzake hayupo. Nikaandika jina la mwenzake kwenye kiganja, nikarudi kafe, nikampata. Nikamleta. Mwenzake naye akasema hatoki bila nduguze wawili. Nikawafuata hao nduguze. Mmoja akadai ana mkubwa wake. Ni kama kupeleka posa: baba kakubali, anatokea mjomba. Mjomba kakubali, kumbe bibi hajaulizwa.

Nilipanda na kushuka zile ngazi za kafe mpaka dada yule akaniwekea kiti pembeni, akasema kaka, hiki sasa ni chako. Kiganja kilijaa majina, nikahamia mkono, nikafika kwenye kiwiko.

Cheti akauliza natokatoka kwenda wapi. Nikamwambia jino linaniuma. Uongo safi, uliotoka bila hata kufikiriwa. Akaenda moja kwa moja kumwambia Shangazi, nadhani akitarajia nigombezwe. Badala yake Shangazi akanichemshia maji ya chumvi. Nikasukutua mbele yake, akasema tena, nikasukutua tena. Kila niliporudi kutoka kafe nilikuta kikombe kinanisubiri.

Jioni sikuwa na kifurushi hata kimoja kilichokubali kuingia. Lakini tuhesabu mazuri. Shangazi anaamini naumwa. Cheti anaamini naumwa. Mpango wangu haujulikani na mtu yeyote, na kwa sehemu fulani haujulikani hata na mimi. Siku njema.

Jumatano, 6 Agosti

Nimegundua amri ya ajabu. Unaiandika kwenye lile dirisha jeusi, na inaleta kila kifurushi pamoja na ukoo wake wote, baba, mjomba, bibi, bila wewe kupanda ngazi. Nimeipata kwenye ukurasa mmoja mtandaoni. Ukurasa ulikuwa mrefu, nikachukua amri nikaacha maelezo.

Bahati ikawa upande wangu. Kompyuta za kafe nazo ni za Linux, toleo lilelile la kwetu. Dada wa kafe alichoka kufukuza virusi, akazihamisha zote. Amri ilitaka neno la siri. Dada akaja kuliandika, akauliza kama najua ninachofanya. Nikamwambia kazi hii nimeifanya miaka na miaka. Akaandika.

Maandishi yakaanza kuteremka kama mvua. Majina ya vifurushi, asilimia, majina mengine. Niliegemea kiti, mikono nyuma ya kichwa. Wateja wawili walikuja kusimama nyuma yangu kutazama. Nikajitia sina habari nao.

Mvua ikakatika. Nikaifungua flashi. Tupu. Nikaichomoa, nikaipuliza, nikaichomeka tena. Tupu vilevile.

Nikarudi kusoma kwenye lile dirisha, taratibu, kwa mara ya kwanza leo. Kumbe amri haikupakua vifurushi vya kwetu. Imesasisha kompyuta ya kafe. Yote, kutoka unyayo hadi utosi. Nikakaa nikiangalia kioo. Niliwaza sweta mezani, nikawaza vidole vya Mama.

Halafu nyuma yangu dada wa kafe akapiga makofi. Printa yake, iliyogoma tangu mwaka jana, ilikuwa inatoa karatasi. Akasema mafundi watatu walishindwa. Akasema nisilipe leo wala kesho. Akawaambia wale wateja wawili kwamba huyu kaka ni mtaalamu, na wale wateja wakaniangalia kwa heshima ambayo dukani kwa Shangazi sijawahi kuipata.

Kwa hiyo tuseme ukweli ulivyo. Nimesasisha kompyuta ya Linux kwa mafanikio makubwa. Kasoro ni moja tu, kwamba si ile.

Niliporudi, Cheti alikuwa amekileta cheti chenyewe dukani, kimo ndani ya plastiki. Alikuwa akimwonyesha Shangazi muhuri. Shangazi akasema muhuri ni mzuri, akamwuliza kama unaweza kushona.

Alhamisi, 7 Agosti

Asubuhi imeharibika. Shangazi hakusema na mtu. Alinishika mkono, akanipeleka kwa daktari wa meno. Njia nzima nilimwambia nimepona. Akasema baba yako naye alikuwa hivihivi, akiogopa koleo akijifanya mzima.

Daktari akanifungua mdomo, akagonga hapa, akagonga pale. Nikangoja aseme huyu ni mzima arudi kazini. Akasema hili limeoza. Akaling'oa.

Nimetafakari jambo hili nikiwa na pamba mdomoni, na nimeona ni ushindi. Nilisema jino linaniuma na kweli jino lilikuwa bovu. Sikusema uongo hata kidogo, niliwahi tu.

Mchana nikaenda kafe, shavu limefura. Na hapa naomba nieleweke vizuri, kwa sababu hapa ndipo akili ilipofanya kazi. Kompyuta inaposasishwa, vile vifurushi ilivyopakua haivitupi. Inavihifadhi kwenye kabati lake la ndani. Nililijua hilo leo, katika kutafutatafuta. Nikalifungua kabati la kompyuta ya kafe, nikavikuta vyote vimelala humo, ukoo mzima, hakuna aliyepungua. Na kompyuta ile ni ndugu pacha wa kompyuta yetu. Kilichoitosha ile kinaitosha hii.

Mtu wa kawaida angesema jana nilikosea. Mimi nasema nilitangulia.

Ilibaki programu ya kutarizi yenyewe. Nikaisakinisha papo hapo kwenye kompyuta ya kafe, nayo ikaja na wenzake wote, wakaingia kabatini. Dada wa kafe aliuliza anayo ya nini programu ya kutarizi. Sikuweza kumjibu vizuri kwa sababu ya pamba. Akadhani nimesema ni zawadi, akashukuru. Nikanakili kabati zima kwenye flashi, nikaitia kwenye soksi.

Nikarudi dukani na moyo mweupe. Nikamkuta Cheti kwenye chumba cha nyuma, peke yake, amechuchumaa nyuma ya kompyuta. Alikuwa na simu yake na waya. Alipogutuka alisema anatafuta kifungo kilichodondoka. Lakini Cheti havai nguo zenye vifungo.

Nilielewa mara moja. Anataka kuchomeka simu kwenye tundu la flashi, kompyuta ivute intaneti kutoka kwenye simu, isasishwe kisirisiri, naye akalie kiti changu. Tundu la waya limezibwa, matundu ya flashi hayajazibwa. Shangazi hakufika huko.

Nikafika mimi. Alipotoka nikaiwasha bunduki ya gundi. Matundu yako manne. Kibodi ina lake, kipanya kina lake, mawili yako wazi. Nilikusudia kuyaziba hayo mawili tu. Nikakichomoa kipanya kwa muda ili mkono upite. Gundi ya moto ina haraka kuliko mtu mwenye pamba mdomoni. Ilijaza la kwanza, ikajaza la pili, ikateleza ikaingia na la kipanya.

Cheti amefungiwa nje. Nalala kwa amani.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeamka nikagundua kwamba na mimi nimefungiwa nje.

Limebaki tundu moja. Tundu hilo lina kibodi. Nikichomoa kibodi nichomeke flashi, siwezi kuandika amri. Nikirudisha kibodi niandike amri, flashi haina pa kukaa. Nilijaribu kukwangua gundi kwa pini, kwa kijiko, kwa ukucha. Ile gundi ya Shangazi haijawahi kuachia pambo hata moja, ndiyo sifa ya duka letu.

Nilikaa mbele ya kompyuta nikiwa na flashi mkono mmoja na waya wa kibodi mkono wa pili. Mama akapita mlangoni na kikapu cha nyuzi. Akauliza vipi, mwanangu, inakwenda. Nikamwambia inakwenda. Akasema kama haiwezekani nisijiumize, ataanza kushona Jumapili, atashona polepole. Alipogeuka nilimwona anabadilisha kikapu mkono, kisha anakirudisha, kwa sababu mikono yote miwili inamuuma.

Hapo nikakaza roho, na akili ikaja.

Kompyuta inaweza kuambiwa isubiri! Amri mbili kwenye mstari mmoja. Ya kwanza: kaa kimya kidogo. Ya pili: nakili vyote vilivyo kwenye flashi. Unaandika, unabonyeza, unachomoa kibodi, unachomeka flashi, na kompyuta ikishamaliza kukaa kimya inakuta flashi imeshafika. Sijui kama kuna mtu mwingine aliyewahi kufikiria hivi. Naamini hakuna, kwa kuwa hakuna mtu mwingine aliyewahi kuwa na sababu.

Mara ya kwanza nilichomoa kibodi kabla ya kubonyeza. Mara ya pili flashi ilikuwa juu chini, nikaipindua, ikawa juu chini tena. Mara ya tatu nikachomoa, nikachomeka, nikatulia. Kimya. Jasho. Halafu kile kitaa cha flashi kikaanza kupepesa, na kikaendelea kupepesa. Nimewahi kufurahi maishani, lakini si kwa sababu ya taa ndogo kiasi kile.

Kibodi ikarudi mahali pake. Nikaamuru vifurushi vyote visakinishwe kwa pamoja, na safari hii hakuna aliyemuulizia mjomba wake. Mvua ya majina ikateremka kwenye kompyuta iliyo sahihi. Sijui nani wa kumshukuru zaidi, mimi wa Jumatano au mimi wa leo.

Nikaizima nikaiwasha. Ilikaa na kioo cheusi kwa muda mrefu usiopendeza. Nilianza kupanga maneno ya kumwambia Shangazi. Halafu ikaamka, mpya, na picha ya mlima ambayo sijawahi kuiona.

Mchana ukaja mkasa mwingine, nao ukaishia upande wangu. Cheti aliingia chumba cha nyuma na waya wake akidhani nimekwenda kula. Alipapasa nyuma ya kompyuta, akasukuma, akageuza waya, akasukuma tena. Shangazi akaingia akamkuta amepiga magoti, simu mkononi. Akamwuliza anaomba nini huko nyuma. Cheti akasema kuna mwendawazimu ameziba matundu yote kwa gundi.

Nilijua leo nakwisha. Kompyuta ni ya Shangazi, gundi ni ya Shangazi, na mwendawazimu ni mimi. Shangazi akavaa miwani, akainama, akaigusa ile gundi kwa kidole. Akauliza nani kafanya hivi. Nikasema ni mimi, na pamba ikadondoka.

Akanigeukia. Kisha akasema miaka yote hii anaongea na ukuta, na leo kwa mara ya kwanza mtu mmoja katika ukoo huu amemwelewa. Akasema hata yeye hayo matundu mengine hakuyafikiria. Macho yake yalilowa kidogo. Akamgeukia Cheti, akamwuliza ule waya ni wa kufanyia nini. Cheti akasema kifungo chake kilidondoka.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku yenyewe.

Asubuhi nilipita kafe kumuaga dada yule kwa heshima. Nikamsimulia habari ya tundu moja, nikitarajia apigwe na butwaa. Akafungua droo, akatoa kigawanyio, kile kidude chenye matundu manne ya kuchomeka kwenye tundu moja. Akasema anavyo vitano, ningesema tu. Nimekichukua. Sikuona haja ya kuendeleza maongezi.

Kipanya kikarudi kazini. Nikaufungua mchoro wa nembo ya shule, ndege amesimama juu ya kitabu. Programu mpya ikaugeuza kuwa lugha ya mashine bila kukohoa. Nikaubeba kwenye flashi kutoka meza hii hadi mashine ile, mwendo wa hatua chache, lakini niliutembea taratibu ili waliokuwepo waone.

Walikuwepo wote. Shangazi kifua mbele. Dada yangu, akimwombea mumewe na kaka yake kwa wakati mmoja. Cheti, mikono kifuani, ameegemea mlango. Na Mama, kwenye kigoda karibu na sweta.

Nikabonyeza. Mashine ikanguruma, sindano ikashuka, uzi ukakatika. Cheti akakohoa. Akasema kwa sauti ya huruma kwamba shem, usijisikie vibaya, haya mambo yana watu wake. Mama akainuka akapitisha uzi upya, ikamchukua muda kwa sababu vidole havikumtii, na hakuna aliyemharakisha. Nikabonyeza tena.

Ikashona. Ilishona kitabu kwanza, kisha miguu, kisha tumbo la ndege, manyoya moja moja, haraka mpaka sindano haikuonekana. Tulisimama wote tukitazama sweta moja kama watu wanaosubiri mtoto azaliwe. Ikamaliza, ikakata uzi yenyewe, ikanyamaza.

Mama akaichukua ile sweta akapitisha kidole juu ya bawa. Akasema ni nzuri, hata yeye asingeipata hivi. Halafu akasema, bila kumwangalia mtu, kwamba wiki nzima alikuwa hasikii njaa kwa kuzifikiria hizi sweta, na kwamba alikuwa anatafuta namna ya kumwambia Shangazi kwamba vidole vimekataa. Aliogopa ataonekana hana kazi tena. Shangazi akamwambia, wewe mke wa kaka yangu, ungekaa tu hapa hata kama ungekuwa huna mkono mmoja. Wakashikana. Mimi nikajifanya nakagua mashine kwa karibu sana. Nilikuwa nalia, tena kwa furaha.

Nimekabidhiwa ufunguo. Nimekalia kiti. Kinazunguka pande zote mbili. Cheti alikuja kunipa mkono, akauliza kama nitamfundisha ile amri ya kusubiri. Nikamwambia tutaona kama nafasi itapatikana, nikazunguka nikampa mgongo. Sijawahi kuzunguka vizuri vile.

Jumatatu, 11 Agosti

Siku yangu ya kwanza kama mkuu wa chumba cha nyuma.

Mashine inashona tangu asubuhi. Kikapu kimoja kimeshajaa, na zilizobaki zitakwisha kesho jioni. Mwalimu mkuu anazichukua sweta Jumatano. Mama amekaa dirishani, miguu juu ya kigoda, anakunywa chai na kutazama barabara. Simkumbuki akikaa hivyo siku ya kazi. Shangazi amekwenda kununua nyuzi, na ameniambia mbele ya wote kwamba duka ameniachia mimi.

Tatizo la kazi inayokwenda vizuri ni kwamba mkuu hana la kufanya. Nilizunguka kulia, nikazunguka kushoto. Nikaanza kuwaza.

Nimewaza hivi. Kusasisha vifurushi tu kumeipa mashine uhai. Je, nikiibadilisha Linux yote, niweke toleo jipya kabisa kuanzia msingi? Bila shaka itashona mara mbili ya hapa. Mwalimu mkuu atapelekewa sweta kesho asubuhi badala ya Jumatano, na fundi wa ng'ambo ya barabara atafunga duka kwa aibu. Nimekimbia kafe, dada amenipakulia toleo lenyewe, akanipa na maelekezo yaliyochapishwa kwenye ile printa yake. Kurasa nyingi, zimejaa maonyo kuhusu kuweka kwanza nakala ya michoro yote mahali pengine. Inaelekea yaliandikwa na mtu mwoga sana.

Cheti alichungulia mlangoni akasema shem, subiri kwanza sweta ziishe. Wivu umemwingia mpaka kwenye mifupa. Nikamfungia mlango kwa ufunguo wangu.

Nimeisimamisha mashine, ndege akiwa na bawa moja. Mama ameuliza mbona kimya, nikamwambia aendelee kunywa chai yake, kila kitu kiko mikononi mwangu. Flashi imekaa vizuri kwenye kigawanyio. Kompyuta imeuliza kama nina uhakika kwamba vyote vilivyomo vifutwe. Imeuliza kwa adabu, mara mbili. Nimeijibu kwa adabu, mara mbili, kwamba ndiyo.